Kichaka Kinachowaka Kibichi

Ndugu zangu wa Pangani, mmeniuliza mara nyingi kwa nini tulikwenda bara wawili nikarudi mmoja, na kila mara nimewajibu maneno mawili matatu kisha nikageuza mazungumzo. Sikuwa naficha jambo. Nilikuwa nimechoka tu, na habari ya kuchoka haielezeki na mtu ambaye bado hajapumzika. Sasa nimekaa, nyayo zimepona, nitawasimulia safari yote tangu tulipotoka.

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kukausha mimea. Mzungu niliyemtumikia, Mdachi, alikuwa mtaalamu wa miti na maua, na watu wa milima ya Usambara walimwita Bwana Majani. Yeye alichuma, mimi nilitandaza. Kila tawi nililiweka kati ya karatasi za kufyonza maji, nikazibana kwa mbao na kamba, na kila siku nikabadilisha zilizolowa. Feruzi, ambaye wengi wenu mlimjua tangu tukiwa vijana hapa mtoni, ndiye aliyebeba sanduku la bati la karatasi hizo. Tulizunguka naye nchi nzima hii, mimi nikitangulia na ufunguo shingoni, yeye akifuata na sanduku kichwani.

Safari hii ilitokana na kichaka kimoja. Miaka miwili kabla yake tulipanda mlima Meru pamoja na Bwana, kwa upande wa kaskazini, kupitia Oldonyo Sambu. Huko juu, mahali msitu unapokwisha, Bwana aliona kichaka kifupi chenye majani kama sindano, akakipenda. Hakikuwa na ua hata moja. Nilikikausha kwa uangalifu wote, lakini kila nilipofungua karatasi nilikuta majani yamepukutika kama chumvi, kikabaki kijiti kitupu. Wataalamu wa kwao Ulaya walipopelekewa wakajibu kwamba vichaka vya namna ile hufanana sana, na bila ua hawawezi kusema hiki ni kipi. Bwana aliamini kwamba ni kipya, hakijaandikwa na mtu. Kisha nyumbu aliyempanda akamwangusha, mguu ukavunjika, ikaamriwa arudi kwao moja kwa moja. Zilibaki wiki tano meli yake iondoke. Akaniita kitandani pake akasema, “Salehe, wewe nenda. Niletee ua.”

Siku ya kwanza tuliteremka hadi stesheni ya Mombo, tukapanda gari moshi la Moshi. Tulikaa juu ya mbao, cheche zikituingia nguoni. Feruzi alikohoa tangu Mombo mpaka jua likashuka.

Nikamwambia, “Kifua chako hakinipendezi.”

“Hata mimi hakinipendezi,” akasema. “Lakini sanduku nani atalibeba? Wewe?”

Jibu nililijua. Sikutaka kulibeba, wala sikuwa na nguvu ya kumfundisha mtu mwingine namna ya kulibeba bila kulipindua. Hapo ndipo ningepaswa kumrudisha, nami sikumrudisha.

Kutoka Moshi reli ilikuwa haijaendelea, tukashika njia kwa miguu. Siku mbili tulikata mito ya Kilimanjaro na uwanda wa Sanya, ambako vumbi lilikuwa jekundu na maji yalikuwa ya chumvi. Magari ya ng’ombe ya Makaburu yalitupita, ng’ombe kumi na sita kwa gari moja, na kila lilipopita tulisimama kando tukafunga macho. Siku ya tatu tukafika Tengeru, nchi ikabadilika ghafla: migomba, mifereji, wanawake wenye mikungu mgongoni. Mlima ulikuwa mbele yetu, mkubwa, kichwa chake kimefunikwa. Tungeweza kupanda palepale. Lakini barua ya ruhusa aliyotupa Bwana ilihitaji mhuri wa boma la Arusha, kwa hiyo tukaupita mlima tuliokuja kuupanda, tukaenda kutafuta ruhusa ya kurudi nyuma.

Arusha tulikaa siku nzima barazani pa boma. Boma ni jeupe, na mbele yake kuna njia pana yenye maduka machache ya Wahindi. Karani mmoja, mtu wa pwani kama sisi, aliisoma barua mara mbili.

“Mnakwenda kuchuma nini?”

“Kichaka,” nikasema.

“Kina dawa ndani yake?”

“Sijui.”

“Kina nini basi?”

“Maua. Madogo kuliko punje ya mtama.”

Alitutazama, akatazama miguu yetu, akagonga mhuri bila kuuliza tena.

Kesho yake tukarudi mashariki, tukakata kushoto kuelekea mlimani, na alasiri tukafika Akheri. Watu wa huko ni Wameru. Nyumba zao zimejificha ndani ya migomba, huzioni mpaka umefika mlangoni, na baadhi yao walikuwa wameanza kupanda kahawa. Tulielekezwa kwa mtu aitwaye Nanyaro, mrina asali, ambaye mizinga yake ilikuwa juu kuliko mizinga ya wote. Alikuwa wa umri wetu, mwembamba, mwenye kovu la kuungua mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mke wake alikijua zaidi, kwa sababu alikuwa akipeleka ndizi na maziwa kuuza Arusha, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu mwanzoni. Alitupa ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, akamtazama Feruzi anavyokohoa, akamwongezea.

Nilieleza haja yetu. Nanyaro akasema maneno, na mke wake akayageuza: “Anasema, mzungu wa kwanza aliuliza jina la mto. Wa pili akaja na kamba ya kupimia. Sasa kule chini mtoni kuna shamba lake, na sisi tunazunguka. Wewe ukishaandika jina la kichaka, nani atakuja?”

Nikasema, “Hakuna atakayekuja. Hakiliwi, hakijengi nyumba. Bwana anataka kukijua tu.”

Nanyaro akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake: “Sisi tunakijua.”

“Mnakiitaje?”

“Kuni za juu,” akasema, na zaidi ya hapo hakutaka kunipa. Lakini alisema alikuwa na safari ya kwenda kuangalia mizinga yake, na kama tukimfuata hatatufukuza.

Asubuhi ya pili tukaingia msituni. Ndugu zangu, msitu wa Meru si kama vichaka vyetu. Jua haliingii. Njia ni za nyati, na matope yake yanafika magotini. Mbega walituangalia juu ya miti bila sauti. Kuna majani yanayowasha kama moto, yalituchoma mikono tulipojishikiza. Nanyaro alikwenda kama mtu anayekwenda kisimani, na kila baada ya muda alisimama kutungoja. Feruzi hakulalamika, lakini nilisikia pumzi yake nyuma yangu, fupi, kama msumeno. Jioni tulilala kwenye kibanda cha warina asali.

Siku ya pili kuelekea adhuhuri miti ikaanza kupungua kimo. Ikawa midogo, imepinda, imevaa ndevu za kijivu zinazodondosha maji. Kisha miti ikaisha, tukatoka kwenye mteremko wa majivu meusi na mawe, upepo ukatupiga. Hapo ndipo nyumbani kwa kichaka chetu. Lakini mteremko wote ulikuwa umeungua. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita, na vijiti vyeusi vilisimama kila mahali mpaka ukunguni.

Feruzi alitua sanduku, akalikalia. “Tumekuja kuchuma makaa,” akasema.

Nanyaro akachuchumaa, akafukua kwa kisu chake. Chini ya kila kijiti kilichoungua palikuwa na kifundo cha mti, kigumu, kikubwa kama ngumi, na kutoka kwenye kifundo vichipukizi vya kijani vilikuwa vimetoka, vingi, laini. Moto unakula kilicho juu tu. Mti wenyewe umejificha chini, unangoja, kisha unaanza upya. Lakini vichipukizi vya mwaka mmoja havina ua. Ilitubidi kutafuta mahali ambapo moto haukufika.

Tulitafuta siku hiyo, na siku ya tatu yote. Siku ya nne asubuhi, juu sana, kwenye ukingo wa mawe ambako hapakuwa na kitu cha kulisha moto, Nanyaro aliita. Vilikuwa vichaka kama thelathini, havikufika kiunoni mwangu, na vyote vilikuwa vimechanua.

Nitawaeleza kilivyo, maana nimekishika zaidi ya mtu yeyote wa Pangani. Matawi yake yamenyooka juu, na machanga yana vinyweleo vyeupe kama mashavu ya kijana anayeanza ndevu. Majani hukaa matatu matatu kulizunguka tawi, membamba, urefu wake hauzidi kucha, na kingo zake zimejikunja kwa chini hadi karibu zikutane, hivyo kila jani lina mfereji mdogo mgongoni. Bwana aliwahi kuniambia kwamba jani hujikunja hivyo ili upepo usilikaushe. Maua yananing’inia kwa mamia kwenye ncha za matawi. Kila ua ni kengele nyeupe, yenye wekundu kidogo, imegawanyika mdomoni mara nne, na ulimi mwembamba umetoka nje. Harufu yake ni ya asali, lakini ya mbali. Nyuki walikuwa wachache kwa sababu ya baridi, wakitembea juu ya maua badala ya kuruka.

Nilipiga magoti kwenye majivu nikafanya kazi mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitandaza matawi arobaini, kila moja katika karatasi yake kavu. Nilifunga sanduku, nikavaa ufunguo shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu Mombo nilijisikia kwamba nitalala.

Saa nane mchana, tukiteremka, wingu lilitufunika. Ilianza mvua, ikawa mvua ya mawe, kisha mvua tena, na upepo ukaitupa usoni kutoka kila upande. Nguo zetu za pamba zilishikamana na ngozi. Nilisikia sanduku linaanguka nyuma yangu, nikageuka kwa hasira, nikamwona Feruzi amekaa majini. Alikuwa akitetemeka kwa nguvu. Tukamkokota chini ya jabali lililoinama, mahali pasipofikiwa na mvua. Hapo akaacha kutetemeka, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri amepata nafuu. Akaanza kusema kwa ulimi mzito, kama mlevi. Aliniambia nifunge mlango, mama yake asipate baridi. Mama yake alikufa tulipokuwa vijana.

Nanyaro alimshika kifua, akanitazama. “Moto,” akasema. “Sasa. Au anakufa hapa.”

Alitoka akaingia mvuani, akarudi na mzigo wa vichaka vilivyookoka moto kati ya mawe, vyote alivyovikuta, vibichi, vinachuruzika maji. Nikamwambia haviwezi kuwaka.

“Kuni za juu zinawaka mbichi,” akasema. “Zina mafuta. Lakini lazima kitu kikavu kianze.” Alipapasa chini ya jabali, akakuta majani yameoza kwa unyevu. Alitoa vijiti vyake vya kupekechea moto, vimelowa. Kisha akalitazama sanduku la bati. “Ndani kuna nini?”

“Karatasi,” nikasema.

“Kavu?”

Nilishika ufunguo shingoni. Ndugu zangu, sitawadanganya. Nilisimama. Nilifikiri labda zitatosha zile tupu, lakini zile tupu nilikuwa nimezipanga kati ya matawi, na nikizitoa matawi yataoza. Nilifikiri juu ya wiki tano, sasa zimebaki chini ya nne. Nilifikiri juu ya Bwana kitandani. Nilifikiri, Feruzi ni mtu mgumu, ameshapata homa mara ngapi akapona. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nanyaro aliendelea kumsugua Feruzi miguu.

Kisha nikafungua. Humo ndani kulikuwa na kiberiti pia, kikavu. Kwanza niliunguza karatasi tupu, zikawaka na kuzimika, matawi mabichi yakatoa moshi tu. Nikaongeza zenye mimea. Na hapo ndipo nilipoona maajabu ya kichaka kile, maana matawi niliyoyakausha nusu siku tu yalishika moto kwa mlio kama mafuta kikaangoni, yakawasha na yale mabichi, na mara moto ukasimama mkubwa, mweupe, wenye harufu ya asali na uvumba. Nikalisha karatasi mpaka sanduku likawa tupu. Tulimvua Feruzi nguo zilizolowa, tukamkalisha katikati yetu, ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi la Nanyaro. Baada ya muda mrefu akaanza kutetemeka tena. Nanyaro akasema hiyo ni nzuri. Kisha Feruzi akalia kama mtoto kwa maumivu ya vidole, na mimi nikajua kwamba yu hai.

Kulipopambazuka wingu lilikuwa bado limekaa. Kurudi juu kwenye maua hakukuwezekana, maana ilikuwa lazima tumbebe mtu. Pembeni mwa jabali, kwenye mabaki ya kuni alizoleta Nanyaro, nilikuta matawi manne yenye maua ambayo hayakuingia motoni. Nikayatia kifuani, ndani ya kanzu, kwa sababu sikuwa na mahali pengine.

Tulichukua siku tatu kuteremka. Nanyaro na mimi tulimbeba Feruzi kwa zamu mgongoni, na sanduku tuliliacha chini ya lile jabali. Nadhani liko hapo mpaka leo.

Akheri, mke wa Nanyaro alimlaza karibu na moto, akampa supu na maziwa ya moto yaliyotiwa asali. Matawi yangu manne alinipokonya, akayaweka juu darini, pale moshi unapokausha mahindi ya mbegu. Nilidhani ameyaharibu. Siku nne baadaye aliyashusha. Majani mengi yalikuwa yameanguka na yaliyobaki yalikuwa meusi, lakini maua yalishikilia, kila kengele mahali pake. Maua ya kichaka hicho, kumbe, hayadondoki yakifa. Yanakauka palepale yalipoota, kama karatasi.

Feruzi alikuwa anaweza kukaa, lakini hakuweza kutembea hata mpaka migombani. Mimi sikuweza kungoja zaidi. Asubuhi ya kuondoka niliketi kando yake.

“Nitarudi kukuchukua,” nikasema.

“Usirudi,” akasema. “Huyu mtu anahitaji wa kumsaidia kuchonga mizinga. Nimemwambia mikono yangu bado mizima.” Akakohoa. “Salehe. Pale juu nilikuona.”

“Ulikuwa hujitambui.”

“Maneno yalinipotea. Macho yalikuwepo. Nilikuona umesimama na ufunguo.”

Nikasema, “Nilifungua.”

“Ulifungua,” akasema. “Ndiyo maana nakusalimia asubuhi. Lakini kubeba nyuma yako, nimechoka.”

Hakusema kwa chuki. Angesema kwa chuki ningejibu. Nilimshika mkono, nikashukuru watu wa nyumba ile, nikaondoka. Uwanda wa Sanya niliukata peke yangu, na ajabu, njia ilikuwa ndefu zaidi bila mzigo.

Nilifika Usambara zikiwa zimebaki siku tisa. Bwana Majani aliyaweka matawi yale juu ya meza, akachukua kioo chake cha kukuzia, akatazama mpaka chai ikapoa. Aliniita nitazame. Ndani ya kengele, ambayo kwa macho yangu ilikuwa nukta, niliona vinyuzi vinane vimesimama duara, kila kimoja na kichwa cha kahawia chenye matundu mawili, mfano wa pua. Alikuwa na furaha. Kisha akanusa.

“Yananuka moshi. Kwa nini manne tu? Karatasi ziko wapi?”

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, hata kule kusimama kwangu. Alisikiliza huku akigeuza tawi.

“Karatasi zote?”

“Zote, Bwana. Lakini Feruzi ni mzima. Yuko Akheri.”

Akainua uso. “Feruzi ni nani?”

Alikuwa anauliza kweli. Miaka kumi na moja. Nikasema, “Yule wa sanduku, Bwana.” Akasema, “Aha,” akarudi kwenye kioo.

Niliaga kazi wiki hiyohiyo. Bwana akapanda meli na matawi yake, nami nikabaki Tanga kidogo kwa sababu ya vidonda vya miguu. Huko, baada ya miezi, nikakutana na karani mmoja wa kituo cha Bwana kule Usambara, akaniambia jibu limekuja kutoka Ulaya. Kichaka si kipya. Kinajulikana tangu zamani, kinaota hata nchi za bahari ya Rumi, ile ya kusini mwa Ulaya, na wenyeji wa huko huchonga viko vya tumbaku kutoka kwenye kile kifundo cha mzizi. Karani alicheka. Mimi sikuona la kuchekesha wala la kusikitisha. Nilifikiri tu kwamba huko nako wako watu wanaoota moto wake, na kwamba Nanyaro alisema kweli, wanaokijua wanakijua.

Mmeniuliza nilijifunza nini bara. Nimejifunza namna jani linavyojikunja kujikinga na upepo, na namna mti unavyoungua juu ukabaki mzima chini. Hayo ni mazuri kuyajua. Lakini mimi sikupewa kifundo cha namna ile. Karatasi zile sizijutii, wala maua, wala miaka. Ninachojutia ni kile kitambo kidogo nilichosimama chini ya jabali, nikifikiri, na rafiki yangu ananitazama.